Kanga, sahani na droo zinazosema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sanaa ya kifeministi ya maisha ya kila siku

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wasomaji wa Kiswahili huyarudia wanapokutana na kazi za Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Zanzibar, pamoja na kazi za wanawake wengine wanaotumia nguo, vyombo na maneno ya nyumbani kuhoji nafasi ya mwanamke. Jambo lililokwisha kuelezwa halikurudiwa. Msomaji ameelekezwa kwenye namba ya swali linalohusika.

## Mambo ya msingi

1. Sanaa ya kifeministi inayohusu lugha, vitu na maisha ya kila siku ni sanaa gani hasa?

Ni sanaa inayochukua vitu ambavyo watu wengi huvipita bila kuvitazama, yaani sahani, droo, nepi, gazeti la jana, nguo ya kujifunga kiunoni, na kuviulizia maswali mazito: nani huvishika, nani huviosha, jina la nani limeandikwa juu yake na jina la nani halikuandikwa. Wasanii wa namna hii hushikilia kwamba mfumo dume haukai bungeni na mahakamani peke yake. Unakaa pia katika mpangilio wa meza ya chakula, katika kazi isiyolipwa, na katika maneno ya kawaida kabisa, kwa mfano pale mama aliyeamka tangu alfajiri anapoulizwa kazi yake akajibu, "Sina kazi, niko nyumbani tu."

Jibu hilo la mama ndilo ambalo Mierle Laderman Ukeles wa New York alilikataa mwaka 1969, baada ya kupata mtoto wake wa kwanza, alipoandika tamko la kutangaza kwamba kupika, kufua na kufagia kwake kungekuwa ndiyo sanaa yake. Mwaka 1973 alipiga deki ngazi za jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum mjini Hartford, mbele ya wageni, ili kazi ya usafi ionekane mahali ambapo kazi za sanaa huonekana. Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1973 na 1979, Mary Kelly alikuwa London akiweka kumbukumbu za kukua kwa mwanawe, kuanzia nepi zilizochafuka hadi siku mtoto alipoweza kuandika jina lake mwenyewe. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo ilipoonyeshwa mwaka 1976, magazeti ya Uingereza yalipiga kelele juu ya nepi. Machache yaliona kwamba hadithi yenyewe ilihusu mama na mtoto wanavyoingia katika lugha.

2. Lubaina Himid ni nani?

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake, aliyekuwa na asili ya Komoro, alifariki kwa malaria mtoto akiwa na umri wa miezi michache, na mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Alisomea ubunifu wa jukwaa la maigizo katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, kisha akapata shahada ya uzamili katika Royal College of Art mwaka 1984, akiandika juu ya wasanii vijana Weusi wa Uingereza. Kwa miaka mingi ameishi Preston, kaskazini mwa Uingereza, na amekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya Uingereza, akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata. Safari iliyomfikisha hapo imeelezwa katika swali la 14.

3. Kwa nini mwanzo uwe kanga, wakati Himid ni mchoraji?

Kwa sababu msomaji wa Kiswahili tayari anaijua sarufi ya sanaa hii, ila hajaambiwa kwamba anaijua. Mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja amekwisha kuona kitu cha matumizi ya kila siku kikibeba maneno, kikilenga mtu fulani bila kumtaja, na kikieleweka kulingana na aliyekivaa, siku aliyokivaa na njia aliyopita. Hayo ndiyo mambo ambayo maelezo ya maonyesho ya Ulaya hutumia kurasa nyingi kuyafundisha. Wanawake wengi wa pwani wakiingia katika ukumbi wa Himid wangekuwa na haki ya kusema, "Haya nayajua," na wangekuwa sahihi kwa kiasi kikubwa kuliko wahakiki wengi.

## Kanga kama lugha

4. Kanga husemaje?

Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyo sawa ambavyo mnunuzi huvikata na kuvipinda. Kipande kimoja hujifungwa kiunoni, cha pili hutandwa kichwani na mabegani. Jina hukaa nyuma, kwa hiyo anayelisoma ni yule aliyepitwa, na mvaaji hana haja ya kugeuka ili aone kama ujumbe umefika.

Nguvu yake iko katika fumbo. Chukua jina maarufu: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Hakuna aliyetajwa. Jirani aliyekuwa akisengenya atajijua, na akilalamika atakuwa amejitangaza mwenyewe, kwani mvaaji ataweza kusema kwamba alipenda rangi tu. "Usisafirie nyota ya mwenzio" na "Japo sipati tamaa sikati" hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Wapenzi wa taarab wanaujua utaratibu huu vizuri: anayeinuka kumtuza mwimbaji katikati ya beti fulani amesema jambo, na mlengwa amelisikia, ingawa mdomo wa mtuzaji haukufunguka. Katika jamii ambamo mwanamke alitakiwa asipaze sauti mbele za watu, hiyo ilikuwa njia ya kusema ambayo haikuweza kushtakiwa.

5. Nani huandika majina ya kanga? Je, ni kweli kwamba hiyo ni sauti ya mwanamke?

Swali hili ni la haki, na wanaoisifu kanga hulikwepa mara nyingi. Waliochapisha na kuuza kanga kwa wingi walikuwa wafanyabiashara, na wengi wao walikuwa wanaume. Anayejulikana zaidi ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887 na ambaye kanga zake zilibeba alama ya "Mali ya Abdulla". Yeye ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa aliyeanzisha desturi ya kuweka maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Vitambaa vyenyewe vilichapwa kwa muda mrefu Ulaya, India na Japani, kabla ya viwanda vya Afrika Mashariki kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968.

Hata hivyo kuandika maneno ni jambo moja na kuyasema ni jambo jingine. Kanga iliyokunjwa dukani haijamwambia mtu neno. Maneno yake yanakuwa kauli pale mwanamke anapoichagua kati ya nyingine hamsini, anapoamua aivae lini na apite wapi, au anapoamua kumpelekea wifi yake kama zawadi. Mfanyabiashara alilazimika kumsikiliza, kwa kuwa jina lisilopendeza lilibaki rafuni. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba kanga ni sauti iliyokopwa na kugeuzwa kuwa yake mwenyewe. Na kugeuza maneno ya mwingine ni jambo ambalo Himid amelifanyia kazi maisha yake yote, kama inavyoonekana katika swali la 10.

6. Kanga ina uhusiano gani na historia ya utumwa?

Uhusiano ni wa karibu sana, na ndiyo sababu inayofanya nguo hii ifae kuwekwa kando ya kazi za Himid. Katika Zanzibar ya karne ya 19, watumwa wanawake walivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au kaniki, kitambaa kilichotiwa rangi nzito ya nili. Nguo ilitangaza hadhi ya mtu kabla hajafungua kinywa. Kufunika kichwa kulikuwa alama ya uungwana, na mtumwa hakuwa na haki hiyo.

Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Katika miongo iliyofuata, wanawake waliokuwa wameachwa huru, pamoja na binti zao, waliacha kaniki na kununua kanga kwa hela zao wenyewe: zenye rangi, zenye maua, na punde zenye maneno. Walijitanda. Aliyekuwa ameandikwa katika hesabu za mtu mwingine kama mali sasa alitembea barabarani akiwa amejichagulia nguo na maneno ya kumtangulia. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa na akawa mwimbaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alitoka katika ulimwengu huohuo wa wanawake waliokuwa wakijitwalia sauti.

Mtu anayesema kwamba mavazi ni mambo madogo ya wanawake hana budi kuusoma ukurasa huu wa historia polepole.

7. Himid ameitumiaje kanga katika kazi zake?

Amechora picha zinazofuata mpangilio wa kanga waziwazi, zenye pindo, mji na maneno, lakini kwa brashi badala ya mashine. Mfano ulio wazi zaidi ni maonyesho ya mwaka 2018 katika jumba la BALTIC, Gateshead, yaliyoitwa Our Kisses are Petals. Vitambaa vilivyochorwa vilitundikwa juu kama bendera, na maneno yake yalitolewa kwa waandishi Weusi wakiwamo Audre Lorde na James Baldwin.

Kuifanya kanga kuwa bendera ni uamuzi wa kufikiriwa. Bendera husema kwa niaba ya taifa na kwa kawaida huinuliwa na wanajeshi, ilhali kanga husema kwa niaba ya mtu mmoja, uani au sokoni. Himid amezikutanisha, na maneno ya upendo na ya kutafutana yakapata urefu wa mlingoti.

Ni vema kukumbuka pia kwamba mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Msichana aliyelelewa na mtu aliyeangalia nguo kwa jicho la kazi hujifunza mapema kwamba mchoro wa kitambaa una mtu aliyeubuni, hata pale ambapo hakuna aliyeandika jina la mtu huyo.

8. Mbona kanga zake zina maneno ya Kiingereza?

Alikulia Uingereza, anaonyesha kazi zake huko kwa kiasi kikubwa, na wanaozisoma ukutani ni wasomaji wa Kiingereza. Hilo halina kosa. Lakini tofauti ipo na isifichwe: jina la kanga la Kiswahili linategemea jamii inayojua methali, inayojua nani kagombana na nani, na inayoweza kusikia kilichonyamaziwa. Maneno yaliyotolewa kwa mshairi na kutundikwa ukumbini humlenga yeyote aliyeingia. Fumbo la uani limekuwa tangazo. Maoni ya mwandishi wa ukurasa huu ni kwamba kazi hizo zimepata upana na zimepoteza ukali, na kwamba mtazamaji wa Kiswahili ndiye anayeweza kuuona upungufu huo vizuri zaidi kuliko wote.

## Sahani, hesabu, gazeti na vyombo vya jikoni

9. Kazi ya sahani zilizochorwa nyuso za watu inahusu nini?

Inaitwa Swallow Hard: The Lancaster Dinner Service, na ilifanywa mwaka 2007, miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya watumwa. Himid alikusanya vyombo 100 vya zamani vya mezani, yaani sahani, jagi, mabakuli ya supu na mifuniko yake, akachora juu ya mapambo yaliyokuwapo. Vilipangwa katika nyumba ya kale ya mahakimu mjini Lancaster, mji ambao katika karne ya 18 ulikuwa bandari ya nne ya Uingereza kwa biashara hiyo.

Juu ya vyombo hivyo kuna watumishi Weusi wenye nyuso za heshima, na kuna matajiri Wazungu wanaotapika. Kichwa cha kazi kina maana ya kumeza kwa shida, na kila anayejua adabu za mezani anajua uzito wa kutapika mbele ya sahani ya mwenyeji. Himid hakuyafuta maua ya zamani yaliyokuwa kwenye vyombo. Yameachwa yachungulie pembeni mwa nyuso, hivyo uzuri wa chombo na gharama yake ya kibinadamu hukaa katika sahani moja. Mtu anaweza kuijua historia ya biashara ya watumwa kwa tarakimu za meli, lakini sahani humkumbusha kwamba kulikuwa na mtu aliyepakua chakula na mtu aliyeosha vyombo baadaye.

10. Naming the Money (yaani kuzipa fedha majina) ni nini, na majina yana kazi gani ndani yake?

Ni kazi ya mwaka 2004 iliyoonyeshwa kwanza katika Hatton Gallery, Newcastle: sanamu bapa 100 za mbao zenye kimo cha binadamu, zikiwakilisha watumishi Weusi waliopelekwa katika makasri ya Ulaya. Wamegawanyika katika kazi kumi, wakiwamo wapiga ngoma, wachoraji wa ramani, washona viatu, waganga wa mitishamba, wafinyanzi na wafunza mbwa. Mtazamaji hutembea katikati yao kama anayepita kwenye umati wa harusi.

Nyuma ya kila sanamu kuna karatasi ya hesabu za fedha, na juu yake maneno machache ambamo mtu huyo anajisemea: jina lake la kwao, jina aliloitwa na bwana wake, kazi aliyoifanya zamani, kazi aliyopewa sasa, na kitu kidogo alichobaki nacho cha kumtuliza. Himid amechukua daftari la hesabu, ambalo ndilo lililomfanya mtu awe tarakimu, akaligeuza kuwa mahali pa kusemea. Hapa ndipo jibu la swali la 5 linapokamilika: maneno na karatasi ni vya mwingine, lakini nafsi inayosema "mimi" imebadilika.

Kwa wasomaji wa pwani kazi hii ina uchungu wa pekee, kwa sababu watumwa wa huku pia walibadilishwa majina. Mtu mwenye jina la kabila lake, Myao au Mmanyema au Mnyasa, aliweza kufika Unguja akawa Faida au Mabruki kwa kutamka kwa bwana mmoja.

11. Alifanya nini na magazeti?

Kuanzia mwaka 2007, kwa miaka kadhaa, alichora juu ya kurasa za gazeti la The Guardian, gazeti ambalo wasomaji wake hujiona kuwa watu wa haki. Aliona kwamba mwanamichezo au mwanamuziki Mweusi hupigwa picha ya kupendeza kisha picha hiyo huwekwa kando ya kichwa cha habari cha uhalifu au maafa kisichomhusu, na macho ya msomaji huviunganisha. Alifunika sehemu za ukurasa kwa mapambo ya rangi ili uhusiano huo uonekane. Njia ni rahisi, na baada ya kuziona kurasa chache mtu hawezi tena kufungua gazeti lolote kwa jicho lile la zamani.

Ameendelea na vitu vya namna hiyo: vyombo vya kutengenezea jeli alivyovipaka rangi mjini Liverpool mwaka 2010, akiikumbusha sukari na jasho lililoizalisha, na picha za watu alizozichora ndani ya droo kuukuu za mbao, mahali pa kuficha nguo za ndani na barua.

12. Kuna msanii aliyefanya jiko lenyewe kuwa lugha?

Yupo. Mwaka 1975 Martha Rosler wa Marekani alirekodi video fupi ya rangi nyeusi na nyeupe, Semiotics of the Kitchen, akiwa amesimama jikoni kama mtangazaji wa vipindi vya mapishi. Anataja vyombo kwa mpangilio wa alfabeti na kuonyesha kila kimoja kinavyotumika, lakini mikono yake ina hasira: uma unachoma hewa, upawa unamwaga kisichokuwapo nyuma ya bega. Zikifika herufi za mwisho, mwili wake wenyewe unachora herufi hewani akiwa ameshika kisu na uma. Mwanamke amekuwa chombo cha mwisho katika orodha.

Wasomaji huuliza kama kazi hiyo ingeweza kufanywa katika jiko la Kiswahili. Ingewezekana, na ingekuwa tofauti. Jiko letu lina kinu na mchi, upawa wa kifuu, mwiko, kawa, chungu na mbuzi, na maneno haya tayari yamejaa methali, vitendawili na mizaha ya unyago. Mbuzi ya kukunia nazi hukaliwa, na anayeikalia amefungwa mahali pamoja kwa muda. Kinu hutwangwa na wawili kwa kupokezana na kwa wimbo. Hasira ya Rosler ni ya mwanamke aliye peke yake katika jiko la nyumba ya mjini. Jiko la uani lina wengi, kwa hiyo lingehitaji hasira ya aina nyingine, na labda kicheko chake pia.

13. Vipi kazi isiyo na neno hata moja?

Lugha inaweza kuwa ndani ya chombo bila kuandikwa. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alijifunza ufinyanzi wa mikono Abuja, Nigeria, katika kituo alikofanya kazi Ladi Kwali, na vyungu vyake hujengwa bila gurudumu. Anayevitazama huona shingo, tumbo, mdomo na mabega. Kiswahili hakihitaji kufundishwa hilo, kwa kuwa mtungi kwetu tayari una shingo na mdomo.

## Mashaka na mambo ya pembeni

14. Ikiwa kazi za Himid ni nzito hivyo, kwa nini alitambuliwa akiwa na miaka 63?

Kwa sababu milango ilikuwa imefungwa, na yeye mwenyewe alitumia nusu ya nguvu zake kuwafungulia wengine. Mwaka 1983 aliandaa Five Black Women katika Africa Centre, London. Mwaka 1985 akaandaa maonyesho ya The Thin Black Line katika jumba la sanaa la ICA, London, yakiwa na wasanii kumi na mmoja wenye asili ya Afrika, Karibiani na Asia, miongoni mwao Sonia Boyce, Claudette Johnson, Ingrid Pollard, Veronica Ryan na Sutapa Biswas. Kumbi kubwa hawakupewa. Kazi zao zilipangwa kwenye korido na ngazi, mahali ambapo watu hupita wakielekea kwingine.

Tuzo ya Turner ilikuwa na sharti kwamba msanii awe na umri wa chini ya miaka 50. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2017, na mwaka huohuo Himid akashinda. Mwaka 2022 Sonia Boyce alipata Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, na Veronica Ryan akapata Turner. Wanawake wa korido walikuwa walewale. Waliobadilika ni waliokuwa wakishika funguo.

15. Je, ufeministi si jambo la kigeni kwetu?

Neno ni la kigeni, kama yalivyo maneno baraza, meza na shule. Jambo lenyewe lina mizizi hapa: tazama swali la 6. Mtu anaweza kuongeza vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, ambavyo Bibi Titi Mohamed alivitumia mwaka 1955 kuwaingiza wanawake katika TANU. Vilikuwa na viongozi, michango na sare za kanga kabla ya chama kuwafikia, na chama ndicho kilichowahitaji.

16. Basi kila kanga ni kazi ya kifeministi?

Hapana. Kanga nyingi humsifu mama, humshukuru Mungu au humtakia bibi harusi heri, na kisutu huvaliwa kwa ajili ya arusi bila nia ya kubishana na mtu. Zipo pia kanga za kampeni za uchaguzi, na zipo zinazomlenga mke mwenza kwa ukali ilhali mume aliyewaleta pamoja amesazwa. Hizo za mwisho zinaumiza kuzisoma, kwa kuwa ufundi wote wa fumbo umeelekezwa kwa mwanamke mwenzake. Kazi ya msanii, na ya mhakiki pia, ni kuuliza fumbo limemwacha nani salama.

17. Mwanamume anaweza kutumia kanga katika sanaa ya namna hii?

Anaweza, na mfano mgumu ni Lawrence Lemaoana wa Afrika Kusini, anayeshona maneno ya kisiasa juu ya vitambaa vya kanga. Ili kumwelewa ni lazima kujua kilichotokea mwaka 2006 katika Mahakama Kuu ya Johannesburg, pale Jacob Zuma, aliyekuwa naibu rais, aliposhtakiwa kwa ubakaji na kuachiwa huru. Kanga aliyokuwa ameivaa mlalamikaji nyumbani ilijadiliwa mahakamani kana kwamba ilikuwa mwaliko. Mlalamikaji, aliyejulikana kwa jina la Khwezi, alilazimika kuhama nchi, na akiwa uhamishoni akatunga shairi ambalo ndani yake kanga yenyewe ndiyo inayosema.

Mambo hayo mawili hayana uzito sawa. Lemaoana anahoji mamlaka ya wanaume akiwa mmoja wao, na hilo ni jambo la maana. Khwezi alirudisha kauli kwa nguo iliyokuwa imefanywa shahidi dhidi yake. Kwa mtu wa pwani, anayejua kwamba kanga ndiyo humpokea mtoto, humbeba, humfunika mgonjwa na husitiri mwili wakati wa kuosha maiti, kusikia nguo hiyo ikiitwa kishawishi ni jambo linalochoma.

18. Kanga ikitundikwa ukutani, je, haijafa?

Imepoteza mwendo, na mwendo ni sehemu ya maana yake, kama ilivyoelezwa katika swali la 4. Kanga iliyotandazwa nyuma ya kioo husomeka yote kwa pamoja, jambo ambalo mwilini halitokei. Waandaaji wa maonyesho wanaweza kupunguza hasara hiyo: waonyeshe doti na si kipande kimoja, waache alama za kufuliwa na kupindwa zionekane, waeleze ilivaliwa na nani na katika shughuli gani ikiwa mwenyewe ameridhia, na waitundike mahali ambapo mtazamaji ataiona kwanza kwa nyuma.

19. Ninaandika maelezo ya kanga kwa wasomaji wa lugha nyingine. Nitafsirije jina?

Weka Kiswahili kwanza, kikamilifu, kwa tahajia iliyochapwa hata kama ina kosa, kwa maana kosa nalo ni ushahidi wa mahali kanga ilikochapwa. Kisha toa maana ya moja kwa moja, na baada ya hapo eleza nani humwambia nani, kwa sababu nafsi katika jina la kanga huwa imeachwa wazi kwa makusudi. Usijaribu kuokoa mchezo wa sauti kwa kubuni mwingine: katika jina la simba lililotajwa katika swali la 4, "meno" na "maneno" yanakaribiana kwa sauti, na hakuna tafsiri inayoweza kulibeba hilo. Liseme tu kwa sentensi moja. Ukiweza, mwulize aliyeivaa alikuwa akimwambia nani. Akicheka asijibu, andika kwamba alicheka.